Rimu, matairi na gari kuchomoka: mwongozo kwa dereva wa Mtwara na Lindi

Ukitoka Mtwara kwenda Masasi kupitia Mingoyo, muda mwingi utakuwa nyuma ya lori: la saruji, la makaa ya mawe yaliyochimbwa kule Ruvuma, na msimu wa korosho ukifika, la magunia. Hapo ndipo dereva anapojua kama gari lake linachomoka au linajikokota. Na wengi waliofunga spoti rimu za inchi 17 kwenye gari lililokuja na inchi 15 husema jambo moja: limependeza, lakini limekuwa zito.

Wanachokihisi kipo. Sababu wanayoitaja ndiyo yenye walakini. Vijiweni utaambiwa kilo moja ya gurudumu ni sawa na kilo 4 ndani ya gari, mwingine atakwambia 10. Fizikia haikubali. Kilo ya gurudumu haiwezi kuzidi kilo 2 za mzigo wa kawaida, na nyingi hazifiki hata hapo. Mara nyingi kinachoiba nguvu ni kimo cha tairi, na kimo hakisomeki kwenye mzani. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu, pima na upige hesabu. Kinachohitajika ni mzani, futi ya fundi, kikokotoo cha simu na asubuhi moja.

Kilo inayozunguka inagharimu kiasi gani

Kilo iliyo kwenye buti injini inaisukuma mbele, basi. Kilo iliyo kwenye gurudumu inasukumwa mbele na papo hapo inazungushwa. Gharama ya kuizungusha inategemea iko umbali gani kutoka katikati ya gurudumu: umbali ukiongezeka mara 2, gharama inapanda mara 4. Chuma kilicho karibu na habu (kitovu cha gurudumu) hakina gharama ya ziada ya kutajwa. Mpira ulio kwenye uso wa tairi, pale panapokanyaga lami, unazunguka kwa mwendo uleule wa gari, ndiyo maana unahesabika mara 2. Hakuna sehemu ya gurudumu iliyo nje zaidi ya hapo, kwa hiyo huo ndio ukomo.

Anayetaka kuona kwa macho apindue baiskeli, afunge nati nzito mbili kwenye spoku karibu na habu, pande mbili zinazotazamana, kisha azungushe gurudumu kwa mkono. Baadaye azisogeze nati hizohizo hadi kwenye rimu na azungushe tena. Mkono wenyewe utamwambia.

Kwa gari dogo, makadirio yanayotosha ni haya: zidisha uzito wa rimu kwa 1.25, na uzito wa tairi kwa 1.75. Rimu inapata namba ndogo kwa sababu sehemu yake kubwa iko karibu na katikati, na tairi lote liko pembeni. Angalia maana yake mfukoni: kilo moja ukiipunguza kwenye tairi inakusaidia zaidi ya kilo moja ukiipunguza kwenye rimu. Watu hutumia fedha nyingi kutafuta rimu nyepesi, halafu wanaivalisha tairi zito kuliko la mwanzo.

Hatua ya kwanza: soma gari lako

Fungua mlango wa dereva utazame stika iliyobandikwa kwenye nguzo. Magari mengi yaliyotoka Japani yanayo, na hata kama maneno ni ya Kijapani, namba zinasomeka: saizi ya tairi ya kiwandani na upepo unaotakiwa, kwa kawaida kwa kipimo cha kPa. 220 kPa ni kama PSI 32. Andika zote mbili.

Kisha soma ubavu wa tairi lililofungwa sasa. Tuchukue 195/65R15 91H. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni namba ya mzigo, maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 615, na H ni ukomo wa mwendo, 210 km/h. Ukibadilisha tairi usishuke chini ya namba ya mzigo iliyoandikwa kiwandani, hasa wewe unayepakia watu watano na mizigo juu.

Pekua pia zile tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa anayenunua tairi la mtumba, tarakimu hizo zina thamani kuliko kina cha kashata (michoro ya uso wa tairi). Jua la kwetu halina huruma kwa mpira, na tairi lililokaa nje ya duka miaka linaweza kuwa na kashata nzuri huku ubavu umeanza kupasuka.

Hatua ya pili: piga hesabu ya kimo

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anaipita, na ndiyo yenye majibu mengi.

Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa 2, kisha jumlisha kipenyo cha rimu (inchi mara 25.4). Kwa 195/65R15: 195 × 0.65 ni 126.75, mara 2 ni 253.5. Inchi 15 ni milimita 381. Jumla ni milimita 634.5, na hicho ndicho kimo cha tairi.

Sasa linganisha na unachouziwa. 205/55R16 inatoa 632, karibu sawasawa. 215/45R17 inatoa 625, pungufu kidogo, na gari litachomoka vizuri zaidi kidogo. 215/50R17 inatoa 647, zaidi kwa asilimia 2. 215/55R17 inatoa 668, zaidi kwa asilimia 5 na ushee. Zote tatu za mwisho zinaingia kwenye rimu moja ya inchi 17, na muuzaji anaweza kukupa yoyote iliyopo dukani akakwambia zote ni kumi na saba.

Asilimia hiyo ndiyo nguvu unayopoteza. Tairi likiwa refu kwa asilimia 5, ukiwa kwenye gia ileile, msukumo unaofika barabarani unashuka kwa karibu asilimia 5. Ni kana kwamba umebadilishiwa gia zote ziwe ndefu. Gari la automatiki lenye gia 4 huliona jambo hili mapema, kwa sababu pengo kati ya gia na gia ni kubwa: kwenye kilima linakataa gia ya tatu, linashuka ya pili, linapiga kelele. Gari la CVT (automatiki isiyo na gia za ngazi) linajirekebisha lenyewe likishakuwa kwenye mwendo, lakini hata hilo kuanza kuondoka litaondoka kivivu, maana pale linakuwa kwenye uwiano wake wa chini kabisa na halina pa kushuka tena.

Kimo kikizidi, na spidomita inadanganya. Mwenye pikapu au Prado aliyetoka 265/65R17 (milimita 776) akaenda 285/70R17 (831) ameongeza asilimia 7. Mshale ukionyesha 50, gari linakwenda zaidi ya 53 kwa kipimo cha awali. Spidomita za kiwandani kwa kawaida huonyesha mwendo kidogo juu ya halisi, kwa hiyo akiba hiyo ndiyo unayoila. Ukikutana na tochi kwenye kijiji cha 50, askari hatauliza kimo cha tairi lako.

Kwa maoni yangu, anayejali gari kuchomoka asizidishe kimo kwa zaidi ya asilimia 2. Anayeingia mashamba ya mchangani na anahitaji gari liinuke ana haki ya kuzidisha, ila ajue anacholipa.

Hatua ya tatu: pima uzito

Hapa kwetu mzani si tatizo. Ule wa kuning'inia unaotumika kupimia korosho unafaa sana: pitisha kamba imara kwenye matundu ya rimu, ning'iniza, soma. Mzani wa kusimama nao unatosha ukilaza gurudumu juu yake.

Kulitoa gurudumu kuna utaratibu. Simamisha gari pagumu na pa tambarare, vuta hendibreki, weka mawe au vipande vya mbao kwenye magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati kabla ya kuinua. Udongo wa sehemu nyingi za Mtwara ni mchanga, na jeki itazama pole pole huku ukiona inapanda, kwa hiyo weka ubao mpana chini yake. Usiingize mwili wala mguu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Pima gurudumu zima. Kama fundi pancha analifungua kwa kazi nyingine, mwombe upime tairi na rimu mbalimbali, kwa sababu unajua sasa havihesabiki sawa. Ukikosa nafasi hiyo, tairi la 195/65R15 la gari dogo huwa kati ya kilo 8 na 9, na rimu ya chuma ya inchi 15 kati ya 7 na 9. Spoti rimu za kumiminwa za inchi 17 mara nyingi ni kilo 9 hadi 11. Ndiyo, ni nzito kuliko ile ya chuma iliyotolewa. Watu huamini kila spoti rimu ni nyepesi kwa kuwa ni ya alumini, lakini alumini nyingi inabaki nzito, na rimu za bei ya chini hunenepeshwa ili zisipasuke.

Hatua ya nne: weka pamoja

Tuchukue gari lenye uzito wa kilo 1,150 pamoja na dereva. Gurudumu la zamani: rimu 8.5, tairi 8.5. Gurudumu jipya: rimu 10.5, tairi 10.

La zamani: 8.5 × 1.25 ni 10.6, na 8.5 × 1.75 ni 14.9. Jumla 25.5. Jipya: 10.5 × 1.25 ni 13.1, na 10 × 1.75 ni 17.5. Jumla 30.6. Tofauti ni kilo 5.1 kwa gurudumu, kilo 20 kwa yote manne.

Kilo 20 kwenye 1,150 ni kama asilimia 1.8. Gari lililokuwa linafika 100 km/h kwa sekunde 12 litachelewa kwa sekunde 0.2 hivi. Ukiwa 80 km/h gari linakwenda mita 22 kwa sekunde moja, kwa hiyo sekunde 0.2 ni mita 4 na ushee. Unapoovateki lori refu huku gari lingine linakuja, mita 4 si kitu cha kudharau. Lakini gunia moja la korosho lililojaa, kilo 80, lina uzito mara nne ya hasara hiyo ya kilo 20, na mtu hulipakia bila kufikiri.

Na kama gurudumu hilo jipya lilivaa 215/55R17, ile asilimia 5 ya kimo inaongezeka juu ya 1.8 ya uzito. Karibu robo tatu ya lawama ni ya namba iliyoandikwa ubavuni, wala si ya rimu.

Mlimani ni hesabu nyingine

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na ukiitafuta kutokea Masasi lazima upande ukingo wenyewe. Pale gari likiwa linapanda kwa mwendo usiobadilika, kuzunguka kwa magurudumu hakukugharimu zaidi, kwa sababu hakuna kinachoongezwa mwendo. Kilo ya tairi inapandishwa kama kilo ya kwenye buti, mara moja tu. Kwenye mfano wetu ni kilo 14 za ziada na kwisha. Anayelalamika kwamba rimu mpya zimemlaza mlima wa Newala aangalie kimo cha tairi kwanza, kisha upepo, kisha kilichopakiwa.

Uzito unaozunguka unauma pale gari linapoanza, kusimama na kuanza tena: dereva teksi wa mjini anayepakia na kushusha kutwa nzima, au njia yenye matuta kila kijiji. Kila unapofunga breki unatupa nguvu uliyokwisha kuilipa kwa mafuta, na breki nazo zinaibeba kama joto. Kwenye safari ndefu ya mwendo mmoja, tofauti ya mafuta kutokana na uzito wa rimu ni ndogo mno.

Hatua ya tano: jaribu barabarani

Hesabu bila jaribio ni nusu ya kazi. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka na tambarare, nje ya kijiji, mbali na shule, alfajiri kukiwa kumekucha na magari ni machache. Mwenzako ashike simu na kupima muda, dereva macho yake ni barabarani. Pima kutoka 40 hadi 80 km/h, gia ikiwa ileile kama gari ni la gia za mkono (manual). Soma mwendo kwenye programu ya GPS ya simu na si kwenye spidomita, maana kimo kikibadilika spidomita za kabla na baada hazilingani.

Rudia mara kadhaa kila upande wa barabara kisha chukua wastani. Pande zote mbili ni lazima: kusi likivuma, upepo pekee unaweza kuzidi athari ya rimu unayoitafuta. Kiyoyozi zima, mafuta kwenye tangi yawe yaleyale, watu walewale. Matokeo ya mchana wa jua kali usiyalinganishe na ya asubuhi, kwa sababu injini isiyo na tabo (turbo) hupungua nguvu hewa ikipata joto.

Ukiona tofauti ya sekunde nzima baada ya kubadilisha rimu peke yake, usiamini. Tafuta breki inayoshika, upepo mdogo, au kimo.

Uanzie wapi na fedha zako

Anza na visivyo na bei. Toa kwenye buti kila kisichosafiri: spea za gari la zamani, madumu, jeki ya pili. Jaza upepo kwa namba ya stika, matairi yakiwa ya baridi. Wanaoingia vijijini hushusha upepo ili wasizame mchangani, na wanafanya vizuri, ila wakirudi lami hawajazi tena. Tairi la upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, linakula nguvu, linapata joto, na kwa mwendo wa barabara kuu linaweza kupasuka. Beba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari.

Kisha rudisha kimo. Mwenye rimu za inchi 17 anazozipenda hana haja ya kuzitupa. Tairi lenye ubavu mfupi zaidi linaweza kumrudishia asilimia yote iliyopotea. Tatizo ni mashimo. Ubavu mfupi haumezi kingo za shimo, na rimu inapigwa. Kwa anayekwenda kila mara barabara za changarawe kuelekea mashambani, ushauri wangu ni kurudi inchi 15 au saizi ya stika. Haina mvuto kwenye picha. Lakini rimu ya chuma ikipinda fundi anaigonga na unaendelea na safari, na rimu ya kumiminwa ikipata ufa haifai kuchomelewa na kurudishwa barabarani.

Halafu tairi lenyewe. Kati ya matairi mawili ya saizi moja, uzito unaweza kupishana kwa kilo nzima na zaidi. Mwombe muuzaji ayapime yote mawili. Tairi la ubavu ulioimarishwa au la kashata za porini ni zito, na linasumbua kwenye lami. Kwenye pikapu inayoshinda shambani lina faida yake, kwenye gari la kwenda kazini Mtwara mjini ni mzigo tu.

Rimu nyepesi ninaiweka mwisho, na si kwa kuwa haina maana. Gurudumu jepesi linafuata barabara vizuri zaidi, shokapu na bushi zinapumua, usukani unachangamka. Kwa anayependa gari hayo yana thamani. Ukinunua, geuza rimu utazame nyuma: rimu za Japani zilizopimwa hubeba alama ya JWL. Kagua idadi na nafasi ya matundu ya nati (Toyota ndogo nyingi ni 4×100, kubwa kidogo ni 5×114.3), tundu la katikati (milimita 54.1 kwa hizo ndogo, 60.1 kwa nyingi za 5×114.3), na namba ya ET inayoonyesha rimu inaingia ndani au inatoka nje kiasi gani. Rimu inayotoka nje sana inaumiza beringi na kurusha mchanga ubavuni mwa gari.

Ukae pwani, ujue chumvi. Hewa ya Mikindani na Lindi mjini hula rimu pale tairi linapokalia, na upepo unaanza kuvuja polepole bila pancha. Fundi akilitoa tairi, mwambie asugue kingo hizo kabla ya kulirudisha. Rimu zenye rangi iliyobabuka zinafika huko haraka zaidi.

Kufunga

Nati zina sura. Za rimu ya chuma kwa kawaida zina koni. Spoti rimu nyingi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Ukichanganya, nati itaonekana imekaza na haijashika. Kaza kwa mtindo wa msalaba, gari likiwa limeshuka chini. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo ni kama Nm 103, si nguvu za mtu kurukia spana. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simama ukaze tena, maana rimu mpya hujikalisha. Piga balansi kila tairi linapofungwa upya.

Na spea isisahaulike. Ukibadilisha saizi ya magurudumu manne na kubakiza spea ya zamani, siku ya pancha utakuwa na vimo viwili kwenye ekseli moja. Kwa gari linalovuta kwa mbele, hamishia gurudumu zima la nyuma mbele na spea iende nyuma, uende taratibu hadi kwa fundi pancha wa karibu. Gari linalovuta kwa magurudumu yote muda wote halitakiwi kutembezwa hivyo hata kidogo: tofauti ya kimo inaisaga difu kila mzunguko. Mwenye gari la aina hiyo anunue matairi matano.